Shahada Haiwekwi Rehani

 

Watu wa pwani yetu, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, Makurunge na Saadani, wana jina lao la kadi ya mpiga kura. Wanaiita shahada. "Umeshachukua shahada yako?" Ndivyo jirani anavyomuuliza jirani wakati wa uandikishaji. Jina hili halikutoka madrasa. Limetoka katika lugha ya ofisi, ambamo shahada ni cheti tu, karatasi yenye picha na namba. Hata hivyo limeangukia mahali pake kuliko walivyokusudia wenye kulitumia, kwani shahada katika Kiarabu ni ushuhuda, na wanazuoni wa zama hizi waliolitazama suala la uchaguzi, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameiona kura kuwa ni ushahidi: mpiga kura anashuhudia kwamba huyu anafaa kubeba jambo la watu na yule hafai. Na kila aliyesoma Suratul Baqara hadi mwisho wake anajua ni lipi limesemwa, baada ya aya ndefu ya deni, juu ya moyo wa mtu anayeuficha ushahidi.

Basi tuutazame ushahidi huo unavyotendewa katika pwani hii. Wapo wanaoukataa kwa jina la dini. Wapo wanaouza. Na wapo walio wengi zaidi, ambao wameuacha sandukuni wakisema kwamba mambo yameshapangwa. Makala hii ni majibu kwa wote hao, na hatutamung'unya maneno.

Wanaoharamisha

Tuanze na ndugu zetu tunaosimama nao safu moja. Hoja yao inajulikana: kutunga sheria ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake, bunge linatunga sheria, basi anayempeleka mtu bungeni ni mshirika wake. Kauli hii imepata nguvu miongoni mwa vijana waliosikiliza kanda za Sheikh Muqbil bin Hadi al-Wadi'i wa Yemen, aliyefariki mwaka 2001, naye alikuwa mkali sana juu ya chaguzi. Hatumvunjii heshima. Lakini mwanafunzi wa elimu hachukui fatwa moja akaifungia mlango. Sheikh Muhammad bin Swaleh al-Uthaymin, aliyefariki mwaka huohuo, aliulizwa juu ya uchaguzi wa bunge la Kuwait, akaona ni wajibu kumchagua yule anayetarajiwa kheri, kwa sababu watu wa kheri wakijitenga, nafasi zao zitashikwa na wengine. Sheikh Nasiruddin al-Albani, naye alipoandikiwa na ndugu wa Algeria, hakuwashauri kujitosa kugombea, lakini hakuwazuia wapiga kura kuwachagua walio bora kati ya waliosimama. Hawa si watu wa kutuhumiwa kwamba hawakuijua tauhidi.

Na kabla yao ipo habari ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na mfalme yule hakuwa Muislamu wala nchi ile haikuwa na sheria ya Yaakub. Ibn Taymiyya ameitaja habari hii alipoeleza kwamba mtu hufanya uadilifu anaouweza, na yale yaliyo nje ya uwezo wake hayamlazimu. Hiyo ndiyo kanuni ya kubeba dhara iliyo nyepesi ili kuepuka iliyo nzito, nayo inafundishwa katika kila darasa la usuli. Ajabu ni kwamba tunaitumia kanuni hiyo katika benki, katika bima ya gari na katika kitambulisho chenye picha, kisha tunaisahau siku ya kura.

Tena tuulize: ni bunge gani linalokusudiwa? Mpiga kura wa Tanzania hupewa karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Diwani wa Zinga au wa Kerege hatungi sheria ya mirathi. Anakaa katika baraza la halmashauri kugawa fedha za zahanati, barabara na visima. Na mwenyekiti wa kijiji, anayechaguliwa katika uchaguzi mwingine kabisa, kazi yake kubwa ni kusimamia mipaka ya mashamba. Ndugu anayeharamisha kumchagua mtu wa kusimamia kisima atuletee dalili yake, nasi tutaichapisha.

Ardhi haisubiri fatwa

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kwa muda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa ajili ya mradi, na eneo lake halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, lakini maoni ya mkutano bado yanatakiwa yafike mezani kwake. Kwa hiyo karatasi yenye uzito kuliko zote katika kijiji ni muhtasari wa kikao: nani aliitisha, nani alihudhuria, nani alisaini. Na aliyeitisha na aliyesaini ni watu waliochaguliwa kwa kura, au waliopita bila kupingwa kwa sababu sisi hatukuwepo.

Pwani yetu si mahali pa kulifanyia mzaha jambo hili. Mwaka 2005 Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na watu wa kitongoji cha Uvinje wakaingia katika mgogoro wa mpaka uliodumu miaka mingi. Mwaka 2013 yalitiwa saini makubaliano ya bandari ya Mbegani, na pamoja na ukanda maalumu wa uchumi, watu wa Zinga, Kondo, Pande na Mlingotini wakajikuta katika habari za tathmini na fidia. Mwaka 2019 mradi wa bandari ukasimamishwa, na ardhi ya mtu aliyekwisha kung'oa minazi yake haikurejea ilivyokuwa. Huko Makurunge kuna mashamba makubwa ya miwa. Hatusemi kwamba kura moja ingeyazuia hayo. Miradi ya ukubwa huo huamuliwa mbali na mnazi wa mtu. Tunachosema ni kwamba katika kila hatua, kuanzia mpimaji anayefika na kigingi hadi orodha ya wanaolipwa fidia, kuna kiongozi wa kitongoji au wa kijiji anayeulizwa: hili shamba la nani? Anayejibu swali hilo ndiye tuliyemchagua au tuliyeacha achaguliwe. Maeneo ya misikiti na makaburi ya waqfu, ambayo mengi hayana hati, yanasimama au yanaanguka kwa jibu lake huyohuyo.

Madaftari mawili

Kuna ujinga mmoja unaotugharimu sana, na tunauita ujinga kwa sababu dawa yake ni kujua. Watu wengi wanadhani kwamba mwenye shahada mfukoni anaweza kupiga kura katika uchaguzi wowote. Sivyo.

Uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Desemba 2005 na likaanza kutumia alama za vidole na picha za kielektroniki mwaka 2015. Daftari hili ni la Tume, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Lakini uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji unasimamiwa na ofisi ya TAMISEMI, nao una orodha yake, inayoandikwa upya kila mara kwa siku chache tu. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, orodha hiyo iliandikwa kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Siku kumi. Aliyekuwa na shahada yake nzuri ya mwaka 2015 lakini hakwenda kuandika jina katika siku hizo kumi, hakuwa mpiga kura wa kitongoji chake. Wazee wangapi waliambiwa maneno hayo mlangoni wakarudi nyumbani wakidhani wameonewa? Wengine kweli walionewa, nalo hilo tutalisema. Lakini wengine walikosa tu mtu wa kuwaeleza, na mtu huyo alitakiwa kuwa sisi walimu, ambao tunasimama mbele yao kila Ijumaa.

Katika uchaguzi huo wa vijiji huhitaji shahada ya Tume. Unahitaji kuwa raia, umri wa miaka 18, akili timamu, ukaazi wa mahali hapo, na jina katika orodha. Anayetaka kugombea awe na miaka 21. Ni mlango mwepesi kuliko wote, na ndio tunaoupita bila kugeuza shingo.

Ama Daftari la Kudumu, sheria inataka liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Katika mzunguko uliopita, kazi hiyo ilizinduliwa Kigoma mwezi Julai 2024, ikatembea mkoa hadi mkoa, ikafika kwetu Pwani mwezi Februari 2025, na Dar es Salaam kuanzia Machi 17 hadi 23. Siku hizo za Dar es Salaam zilikuwa katikati ya Ramadhani, na tulisikia kwa masikio yetu watu wa Boko na Mbweni wakisema kwamba foleni haichanganyiki na swaumu. Subhanallah! Foleni ya tende inachanganyika, foleni ya daladala ya saa kumi na moja jioni inachanganyika, ila hii tu. Badr ilipiganwa ndani ya Ramadhani.

Wanaokwenda kituoni ni watu wa aina nne. Aliyefikisha miaka 18, au atakayeifikisha ifikapo siku ya uchaguzi, naye huchukuliwa picha, alama za vidole na saini, kisha hupewa kadi palepale. Aliyehama. Aliyepoteza kadi au kadi yake imeharibika. Na mwenye taarifa zilizokosewa, jina la baba kwa mfano, ambalo kwetu huandikwa kwa namna kumi. Hao watatu wa mwisho hawaandikishwi upya kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Wanarekebisha taarifa zao, kwa kuwa kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Anayetumia simu ya kisasa anaweza kuanza marekebisho hayo katika mtandao wa Tume kisha akaenda kituoni kumalizia.

Katika hao tunamwangalia zaidi aliyehama. Mapinga, Kerege na Kiromo zimejaa watu waliotoka Manzese, Temeke na Buguruni, wamenunua viwanja, wamejenga, wamechimba visima, na majina yao bado yako kule walikohama. Mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa tu. Basi siku ya kura yake inakuta nauli imepanda na nyumba haina mlinzi, anabaki. Na hata akienda, anamchagulia diwani jirani wa zamani, huku barabara yake ya Mapinga ikiamuliwa na wengine. Mtu huyu analalamika kwetu kila msimu wa masika kwamba gari haifiki msikitini.

Wanawake wetu nao wana neno lao. Wapo waume wanaozuia wake zao kwa hoja ya picha. Jibu ni kwamba picha ya kadi haina tofauti na ya kitambulisho cha taifa au ya pasipoti ya Hija, ambazo waume haohao wamezikubali. Kinachotakiwa kuonekana ni uso, na mtandio unabaki mahali pake. Mwenye kuona haya aombe apigwe picha na karani mwanamke ikiwa yupo, aombe kwa adabu. Na mume anayefunga shahada ya mkewe katika kabati lake ajue kwamba amezuia ushahidi usio wake.

Takrima

Tunafika kwa wanaouza. Neno takrima ni neno tukufu. Ni kumkirimu mgeni, ni sunna ya Nabii Ibrahim aliyewaletea wageni wake ndama wa kuchoma. Katika nchi yetu neno hili lilichukuliwa mwaka 2000 likatiwa ndani ya sheria ya uchaguzi, ili kile anachotoa mgombea kwa wapiga kura kwa nia njema, kama ukarimu wa jadi, kisihesabiwe rushwa. Miaka sita ikapita. Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na asasi za kutetea haki, ikavitengua vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na Katiba. Majaji waliona kile ambacho mwanafunzi wa Bulugh al-Maram anakiona: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkasirikia mkusanya zaka aliyerudi akigawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi, akahoji kama mtu huyo angeletewa zawadi angelikaa nyumbani kwa mama yake. Sukari na doti ya khanga zinazokuja mwezi wa kampeni, je, zingekuja mwezi mwingine?

Sheria ilitenguliwa, mazoea hayakutenguliwa. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika namba za shahada, na mama wa watu anadhani namba ile itawaonesha alimpigia nani. Haiwezekani. Kadi inathibitisha tu kwamba wewe ni mwenye jina lililo daftarini. Ukishapewa karatasi za kura unaingia peke yako katika kituturi, yaani kile kijumba cha kupigia kura, na hakuna jina lako juu ya karatasi. Wapo wanaoapisha watu kwa msahafu kwamba watampigia fulani, na hili ni ovu kuliko sukari, kwa kuwa limeingiza Kitabu cha Mwenyezi Mungu katika biashara. Aliyeapishwa kuacha lililo bora hafungwi na kiapo kile kutenda baya. Atende lililo bora na atoe kafara yake inayojulikana: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Ama aliyemwapisha, hesabu yake haiko kwetu.

"Imeshapangwa"

Sasa kundi kubwa. Hawa hawana ubishi wa fiqhi wala hawajauza. Wamechoka. Mwaka 2010 walioandikishwa nchini walizidi milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9. Mwaka 2020 walioandikishwa walizidi milioni 29, na waliopiga walikuwa karibu na nusu. Uchovu huu hawakuuzua wao. Mwaka 2019 na mwaka 2024 wagombea wengi wa upinzani katika vijiji na mitaa walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, na chama kimoja kikachukua karibu viti vyote. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Chama kikuu cha upinzani hakikuwa katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ya kura intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa, na idadi ya waliouawa ikawa jambo la ubishi. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi ule haukufikia misingi ya umoja huo, na wale wa SADC wakasema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kudhihirisha matakwa yao. Walionusurika wana haki ya kuuliza, na waliofiwa tunawaombea subira na haki.

Jarida hili halina chama, na hatumwambii msomaji ampigie nani. Lakini hatutamdanganya pia kwamba mambo ni mazuri. Hata Katiba yetu, ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka mkataba wa haki ambao Tanzania imeuridhia.

Pamoja na hayo yote tunasema: shahidi aliyefika mahakamani akakataliwa hafanani na shahidi asiyekwenda. Wa kwanza ana hoja mbele ya watu na mbele ya Mola wake. Wa pili ana masikitiko tu. Tutoe mfano ulio karibu. Baada ya uandikishaji, daftari la awali hubandikwa hadharani ili watu walikague, na sheria inaruhusu kuweka pingamizi juu ya jina la aliyefariki, asiye raia au asiyestahili. Wanaonung'unika juu ya majina ya marehemu ni wengi. Wanaokwenda kusoma orodha ile ukutani ni wachache mno, na kwa hakika ni nani anayewajua marehemu wa Dunda na Magomeni kuliko maimamu waliowasalia jeneza? Mfano mwingine: matokeo ya mbunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, na miongoni mwa wanaoruhusiwa kufungua shauri ni mpiga kura, ingawa Mahakama ya Rufani mwaka 2012, katika shauri la ubunge wa Arusha Mjini, ilitaka aoneshe haki yake mwenyewe iliyovunjwa. Asiye katika daftari ana haki gani ya kuonesha kwamba imevunjwa?

Na wazee wetu walipata mtihani mgumu kuliko huu. Uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959 uliwekwa na Waingereza kwa sharti la kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mzungu mmoja, Muasia mmoja na Mwafrika mmoja. Kupiga kura kwenyewe kulitaka kiwango cha elimu ya shule, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotajwa na sheria, na hivyo walio wengi waliachwa nje. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikabishana vikali. Zuberi Mtemvu aliona kuingia ni kukubali dhulma, akatoka na kuunda chama chake. Mwalimu Nyerere na waliokuwa naye wakasema tuingie. Wakaingia, wakajaza viti vyote vitatu kwa watu waliowaunga mkono, na mfumo ule haukumaliza miaka mitatu. Hapa Bagamoyo TANU ilikuwa na nguvu ndani ya mtandao wa tarika ya Qadiriyya na Sheikh Muhammad Ramiya. Tuna tofauti zetu na mambo ya zawiya, na tumeziandika mara nyingi, lakini katika hili wazee wale walitambua kwamba mlango mbovu nao ni mlango. Hatuoni aibu kuwasifu kwa hilo.

Siku yenyewe

Vituo vya kura hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekwisha kuwa katika foleni saa kumi ikigonga hupiga kura yake. Siku chache kabla, majina hubandikwa kituoni. Nenda ukaliangalie jina lako usiku wa deni haujafika. Aliyepoteza kadi lakini jina lake limo asikate tamaa, kwani katika chaguzi za karibuni Tume imekubali kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane na ya daftarini. Ndiyo maana tulisema jina la baba lirekebishwe mapema. Weka alama ya vema katika kisanduku cha mgombea mmoja katika kila karatasi. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, irudishe kwa msimamizi wa kituo upewe nyingine. Asiyeona au asiyeweza kuandika ana haki ya kuja na mtu anayemwamini. Kisha kidole kinapakwa wino, na udhu wa Adhuhuri hauharibiki kwa sababu hiyo, maana ni rangi isiyo na tabaka juu ya ngozi. Tumeulizwa mara nyingi mno, ndiyo sababu tunaliandika.

Ukimaliza, nenda nyumbani. Mahakama Kuu iliamua Oktoba 2015, siku chache kabla ya kura, kwamba watu wasikusanyike ndani ya mita 200 za kituo. Kazi ya kulinda kura ndani ni ya mawakala wa vyama walioapishwa, wanaopewa nakala ya fomu ya matokeo, na matokeo hayo hubandikwa nje ya kituo. Mwenye kutaka kuyajua ayasome pale asubuhi yake, ayaandike, ayahifadhi. Ulinzi wa mawe na matairi hauna nafasi katika dini yetu, na tumeshaona ni vijana wa nani wanaozikwa.

Walimu wenzetu wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na Saadani, uboreshaji wa daftari utarudi tena kabla ya uchaguzi wa mwaka 2030, na orodha za vijiji zitafunguliwa kabla ya hapo. Kila msikiti uwe na kijana mmoja anayefuatilia tangazo la tarehe katika ofisi ya kata, alibandike karibu na ratiba ya swala, na alisome baada ya Ijumaa bila kutaja chama. Wanafunzi wa madrasa waliokaribia miaka 18 waorodheshwe tangu sasa na vyeti vyao vya kuzaliwa vitafutwe. Na wavuvi wasisahauliwe. Siku saba za kituo huwakuta dagoni, wengine Pangani, wengine Mafia. Ujumbe uwafikie kwa nahodha kabla ya kituo kufunguliwa, ili wale wenye kurudi na samaki wa mwanzo wapitie kwa karani kabla ya kurudi baharini.